Giza la Kyumbi na Waliokaa Ndani Yake

Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, ukaiacha Athi River na miamba ya Lukenya, baada ya kilomita 50 hivi unafika Kyumbi, makutano ambapo barabara ya kwenda mjini Machakos inachepuka kushoto. Wasafiri wengi wanapajua kwa moshi wa nyama choma, makanga wanaoita abiria wa "Masaku", yaani Machakos, na malori yaliyoegeshwa kando huku madereva wakinyoosha miguu. Kaskazini vimesimama vilima vya Mua, vyenye mashamba, miti ya matunda na mabati yanayomeremeta. Kusini inatanda tambarare ya Kapiti: nyasi, migunga na ardhi ya ranchi, ambako jua likishazama taa ni za kuhesabu. Kyumbi iko pale pale kwenye mshono wa ardhi hizi mbili, na tangu zamani viumbe wa kutisha wa sehemu hii wametokea upande wa kusini.

Kabla ya ukoloni Wakamba walijenga milimani, Iveti, Mua na Mbooni, palipokuwa na chemchemi na ambapo adui alionekana akiwa bado mbali. Wamaasai walichunga tambarareni, wakihama na mvua. Baina yao palibaki ukanda mpana ambao hakuna aliyethubutu kuujenga. Misafara ya kutoka pwani ilipofika Machakos ilinunua mahindi, maharagwe na vibuyu vya maji, ikapumzika, kisha ikaivuka mbuga ya Athi kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa njiani hapakuwa na kijiji cha kuomba hifadhi. Palikuwa na simba, fisi, kiu na vijana wa kuvamia kutoka pande zote mbili. Aliyechelewa kurudi kutoka huko hakuwa na mlango wa kubisha hodi, na asiporudi kabisa hakuna aliyeweza kueleza kilichompata.

Pengo hilo la maelezo ndilo lililomzaa iimu, zimwi wa Kikamba. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, alizikusanya hadithi zake kwa wingi. Na John Mbiti, mwana wa Kitui aliyekuja kujulikana duniani kama mwanateolojia, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Kikamba mwaka 1966. Iimu hana umbo moja. Mara ni jitu, mara ni mfupi kuliko mbilikimo, mara anatembea kwa mguu mmoja. Anayeogopesha zaidi ni yule asiyetisha kwa sura: kijana mgeni, mtanashati, anayetokea kwenye ngoma ya usiku na kucheza kuwapita vijana wote wa kijiji. Msichana anampenda na kukubali kumfuata kwao. Wanatembea. Moshi wa nyumba za kwao unapotea nyuma, njia inakuwa nyembamba, sauti za mbwa zinaisha, na kadiri wanavyosonga ndivyo mwenzake anavyobadilika, hadi binti anapotambua kwamba anayemfuata anakula watu.

Angalia jinsi hadithi hiyo inavyopima umbali. Hatari inaongezeka kila dalili ya makazi inapopotea: moshi kwanza, kisha mbwa. Bibi aliyeisimulia jikoni usiku, mbuzi wakiwa wamefungiwa na moto ukikaribia kufa, alikuwa anawachorea wajukuu ramani. Mtoto wa Mua aliyeisikia mara kumi alijua mahali pa kugeukia nyuma kabla hajakanyaga tambarare kwa mguu wake.

Wala si kweli kwamba kila giza lilikuwa la zimwi. Milimani kwenyewe kulikuwa na vichaka vyeusi kabisa, mathembo (moja ni ithembo), yaani mahali pa matambiko, ambapo mikuyu mikubwa haikukatwa na mtu hakupita ovyo. Roho za wahenga zilikaa huko. Walioziogopa waliziogopa kama mtu anavyomwogopa babu mkali: anakasirika, lakini ni wako, ana jina, na sadaka ya mbuzi humtuliza. Iimu hana ukoo wala hapokei sadaka. Nadhani tofauti hii inapuuzwa sana na wanaosema ngano za kutisha zinaletwa na giza tu. Ithembo lilikuwa giza lenye mwenyewe. Mbuga haikuwa na mwenyewe, na huko hapakuwa na wa kumwomba.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoweka kituo Machakos mwishoni mwa miaka ya 1880, haikuijua tofauti hiyo. Mti wa ithembo la Iveti ulikatwa ili upatikane mlingoti wa bendera, na watu wa Iveti wakainuka kupigana. Nabii wa kike, Syonguu, anakumbukwa kuwa ndiye aliyewahimiza. Kwa macho ya watu wa kampuni, kichaka kilikuwa kichaka, na kila penye kivuli palikuwa pori.

Kisha likaja lile ambalo nabii mwingine, Syokimau, anasemekana kulitabiri: nyoka mrefu atakayetambaa kutoka bahari moja hadi maji mengine, akiwa amebeba watu wenye ngozi kama nyama mbichi na moto mifukoni. Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Haikupanda milima kwenda Machakos. Ilishika tambarare, ile ile iliyokuwa ikiogopwa, na makao ya serikali ya mkoa yakaihama Machakos mwaka huo huo. Ghafla ukanda usio na mtu ukawa njia kuu ya nchi, ukiwa na vituo vidogo vya mabati, kila kimoja na mhudumu wake, taa ya mafuta na usiku mzima wa kusubiri.

Kisa cha reli hiyo kinachojulikana zaidi ni cha Tsavo, kabla haijafika Nairobi. Simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli huko mwaka 1898 mpaka mhandisi J. H. Patterson alipowaua Desemba. Patterson alipata kudai kwamba waliokufa ni 135; watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, yaliyohifadhiwa Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba waliwala watu kama 35. Patterson mwenyewe aliandika kuwa wafanyakazi hawakuwahesabu wale kuwa simba. Waliamini ni roho za machifu wawili waliokufa, zilizokasirishwa na reli kupita katika nchi yao.

Lakini kwa watu wa upande wa Kyumbi, kisa cha karibu zaidi ni cha Kima, kituo kilicho kusini-mashariki mwa Konza. Juni 1900 simba alikuwa akiwasumbua watu wa kituo hicho. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, akaamua kulala hapo ndani ya behewa lililoegeshwa kwenye njia ya pembeni, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti, ili wamvizie. Zamu ya Ryall ilifika, na inaelekea usingizi ulimpitia. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma. Behewa lilikuwa limeinama kidogo, na kwa uzito wake mlango ukateleza na kujifunga nyuma yake. Sasa watu watatu na simba mmoja wamefungiwa katika chumba kidogo, gizani. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na simba alimkanyaga ili amfikie Ryall. Alimkamata Ryall, akaruka naye dirishani. Behewa hilo liko hadi leo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, na anayesimama ndani yake anashangaa jinsi lilivyo jembamba.

Kisa hicho hakikuhitaji zimwi, mnyama alitosha. Ila fikiria kilivyosafiri kutoka kituo hadi kituo, kwa midomo ya makuli wa Kihindi, wapagazi wa Kikamba na mafundi wa pwani: mgeni anayeingia chumbani, anayejifungia mlango mwenyewe, anayewaruka wawili na kumchagua mmoja. Mwenye kusikiliza alikuwa na mahali pa kukiweka tayari.

Wazungu nao hawakusalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 reli ya kwenda Magadi ilianza kujengwa kutoka Konza, ikikata tambarare hiyo hiyo kuelekea magharibi. Machi 1913 mhandisi wake, Hickes, alisema ameona kando ya njia mnyama asiyemfahamu, mrefu kama simba na mwenye manyoya mengi, ambaye mwanzoni alimdhania fisi. C. W. Hobley, afisa wa serikali aliyewahi kufanya kazi Ukambani na kuandika kitabu juu ya Wakamba mwaka 1910, alikusanya taarifa hiyo pamoja na nyingine za Uasin Gishu na Unandi. Hivyo ndivyo alivyopata umaarufu yule anayeitwa dubu wa Nandi, ambaye Wanandi walimjua zamani kwa jina la chemosit. Baadaye wataalamu wa visukuku walijiuliza kama huenda ni mabaki ya mnyama wa kale aliyedhaniwa kutoweka. Wengine walisema ni fisi tu aliyekua kupita kiasi. Hakuna ngozi wala mfupa uliowahi kuthibitisha lolote. Kinachonifurahisha ni mpangilio wa mambo: mkulima wa Mua akisema ameona kitu mbugani, maneno yake yaliwekwa kwenye vitabu vya imani za wenyeji. Mhandisi akisema hivyo hivyo, yaliwekwa kwenye jarida la wapenda viumbe.

Hofu ya njia za usiku si ya Kyumbi tu. Mbali sana na hapa, visiwani Karibi, watu waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka Afrika Magharibi na Kongo, walijikuta usiku kwenye njia za kati ya mashamba makubwa ya miwa na misitu ya milimani. Jamaika inasimulia ndama mwenye macho ya moto anayeburuta minyororo barabarani. Trinidad ina mwanamke mrembo, La Diablesse, mwenye gauni refu na kofia pana, anayewapoteza wanaume walevi msituni. Chini ya gauni, mguu wake mmoja ni kwato la ng'ombe. Mtu wa Mombasa akisikia hayo atacheka, kwa sababu huyo mwanamke anamjua. Jini wa kike wa pwani yetu naye ni mzuri, ananukia, anaomba lifti, na dereva akitupa jicho chini anaona kwato. Sidhani kuna haja ya kutafuta nani alimwazima nani. Mwanamume aliye peke yake njiani usiku, mbali na wanaomjua, anajiogopa mwenyewe kuliko anavyomwogopa simba, na hofu hiyo hupewa miguu ya mnyama kwa urahisi sana.

Huyo jini alipanda bara kwa lami. Barabara ya Mombasa ilipokuwa ikikamilishwa kwa lami miaka ya 1960, tambarare ilikuwa imekwisha kupoteza mengi. Simba wamepungua, na milima imejaa watu: utafiti mashuhuri wa Machakos uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya ardhi kuharibika zaidi, wakulima walichimba matuta na kupanda miti. Vichaka vilivyomficha iimu viligeuka mashamba ya mahindi na maembe. Watoto wanamjua bado, lakini wanamkuta kitabuni, darasani, saa nne asubuhi.

Giza lenyewe likahamia barabarani. Pande zote mbili za Kyumbi kuna masafa marefu ambako dereva wa lori hana anachoona ila ukanda wa lami mbele ya taa zake, baada ya saa nyingi za kuendesha tangu Mombasa, macho mekundu, shavu limejaa miraa. Hapo ndipo mwanamke mwenye buibui anapovuka ghafla, au punda asiye na kivuli. Hadithi hizi husimuliwa kwa umakini, na wanaozisimulia si wajinga. Wanajua mahali hasa, karibu na kalvati gani, mwenzao nani alipinduka. Na mahali hapo huwa kweli ni pabaya: kona iliyochongwa vibaya, mteremko unaokula breki, lori bovu lililoachwa bila kiakisi. Nami hapa ndipo ninapomlaumu jini. Iimu wa bibi alimzuia mtoto asiende. Jini wa barabarani hamzuii mtu, anakuja baada ya ajali na kubeba lawama za mwenye gari asiyebadilisha breki, za bosi anayetaka mzigo ufike alfajiri, na za waliopaswa kuweka taa.

Serikali nayo ilijaribu kusema maneno ya bibi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa, na mamlaka ya usalama barabarani ikapiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku nchi nzima. Kwa wiki kadhaa mabasi ya Mombasa yalipita Kyumbi mchana tu. Malori hayakuguswa na amri hiyo, kwa hiyo usiku madereva wake walibaki wao na mbuga. Kabla ya robo ya kwanza ya mwaka 2018 kuisha marufuku ililegezwa kwa masharti, mabasi yakarudi na ratiba zao za saa tatu usiku, na makanga wa makutano wakaendelea kuwauliza madereva wa alfajiri wameona nini huko chini.