Pangani: Uasi au Vita?

Baada ya kustaafu kufundisha historia, nilikwenda Pangani, bandari kongwe ya kaskazini mwa Tanzania, kamera ikining'inia shingoni. Alfajiri nilisimama ukingoni, pale mto unapoingia baharini. Nilipiga picha za kivuko kikielekea Bweni, za minazi, na za majumba ya kale yanayoliwa na chumvi polepole.

Hapa ndipo Agosti 1888 wenyeji walipoikataa bendera ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Hapa ndipo pia Bushiri bin Salim aliponyongwa, tarehe 15 Desemba 1889.

Darasani matukio hayo niliyaita "uasi", kama vitabu vilivyoyaita. Mwanafunzi mmoja aliandika "vita", nami nikamkata alama. Laiti ningalimkumbuka Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, malenga wa Mrima huu huu, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima! Jina la utenzi lenyewe ni ushahidi. Mwasi huvunja utii anaowiwa. Watu wa Pangani hawakuwiwa utii wowote na Kampuni. Aliyekuja kutamalaki ni mgeni, na aliyemzuia alikuwa akilinda kwao.

Nimerudi nyumbani na picha nzuri za kuta na maji. Hakuna hata moja inayoeleza hayo. Neno moja la malenga linaeleza. Mwanafunzi wangu yule, popote alipo, namrudishia alama yake.