Mauser ya Askari Haihitaji Kung'aa

Wapo wanaoamini kwamba bunduki kuukuu haijatendewa haki mpaka mtutu wake ung'ae na kitako chake kipakwe vanishi, ionekane kama siku ilipotoka kiwandani. Kwa Mauser ya mwaka 1871, iliyobebwa na askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, imani hiyo inatupotosha. Ujerumani yenyewe ilishapata bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1888. Huku kwetu ile ya zamani iliendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, ikipiga risasi moja moja ya milimita 11, na wingu la moshi likimfichua mpigaji popote alipojibanza. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yameandikwa sana, lakini zaidi na maofisa. Askari wa kawaida hakuacha karatasi nyingi, wala mpagazi aliyembebea risasi. Ndiyo maana chuma na mbao za bunduki zao zinastahili kusomwa kama waraka.

Na waraka huo hufutika upesi. Wajerumani walikuwa na desturi ya kugonga namba kwenye sehemu nyingi za bunduki, hata kwenye skrubu. Namba zisipolingana, tunajua kwamba silaha hiyo iliwahi kufunguliwa na kuungwa kwa vipande vya nyingine. Huenda aliyefanya hivyo ni mfanyabiashara baada ya vita, si fundi wa jeshi. Lakini swali hilo tutaliuliza pale tu namba zinaposomeka. Chuma kikipitishwa kwenye mashine ya kung'arishia, namba hufifia, kingo hupoteza ukali, na tundu la skrubu hubonyea mdomoni likawa kama kibakuli. Mbao zikipigwa msasa hushuka chini ya usawa wa chuma, na mihuri huondoka pamoja na weusi ulioachwa na jasho la viganja. Kisha chuma huchemshwa katika chumvi kali kipate rangi nyeusi, mbinu iliyoenea karne ya 20. Mtazamaji anaonyeshwa rangi ambayo bunduki hiyo haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya.

 Wanaotetea kung'arisha wana hoja moja nzito, ya kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu ndani ya mtutu. Kutu ikiachwa itakula chuma chote. Hata hivyo, kuizuia si lazima kukwangue historia. Chuma kikishatenganishwa na mbao na kuchemshwa katika maji safi, kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Iliyolegea huondolewa kwa brashi laini, kisha chuma hupakwa mafuta au nta. Mbao zinatosha kufutwa uchafu na kupakwa mafuta ya kitani kidogo.

Wengine husema bunduki ya jeshi ilikuwa ikitengenezwa kila mara, hivyo fundi wa leo anaendeleza kazi ileile. Hoja hii naiheshimu, lakini fundi wa 1914 alitengeneza ili bunduki ipige. Kama alifunga ufa kwa waya, waya huo nao ni ushahidi na usiguswe. Fundi wa leo akilazimika kutia kiraka, atumie mti wa mjozi, kama wa kitako chenyewe, na gundi inayoweza kubanduliwa, na picha za kabla ya kazi zihifadhiwe pamoja na bunduki.