Mwanafunzi wa nje: historia ya kitanda, bisi na njia ya mguu



Tangu mwezi uliopita tunabishana mu shirika letu juu ya mchango wa mwaka huu. Wengi wanasema feza iende kutengeneza home moja: kupaka rangi, kubadilisha milango, kununua magodoro. Ni wazo la heshima, na walioleta ni watu waliolala mu zile nyumba. Lakini mbele ya kupiga kura, naomba tuangalie historia kidogo. Home ilijengwa kwa mwanafunzi wa zamani. Mwanafunzi wa leo wa Lubumbashi anatokeaka Katuba, Ruashi, Kenya ao Kampemba, na ile safari yake ya kila siku hakuna aliyeipangia kitu.

Tuanzie mwanzo. Lovanium ilifunguliwa 1954 juu ya kilima, nje ya Léopoldville. Miaka miwili nyuma, 1956, serikali ya kikoloni ikafungua chuo kikuu chake hapa Élisabethville. Mji wetu ulikuwa umekatwa vipande: Wazungu huku, site za Waafrika kule, na katikati ile zone neutre iliyopanuliwa zamani mpaka mita 700 ili watu wasichanganyikane. Mu mji wa namna ile, kumlaza mwanafunzi ku chuo kulikuwa jambo la lazima. Kitanda, chakula na masomo vilikwenda pamoja. Na tusijidanganye: kitanda kilikuwa msaada, lakini kilikuwa pia njia ya kumchunga kijana. Kilima cha Lovanium kilikuwa mbali na mji, na mbali na mambo ya mji.

Kijana hakukubali kuchungwa milele. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka kuelekea katikati ya Kinshasa kudai haki zao, bourse ikiwa mbele, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili nyuma, Juni 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, Mobutu aliwaingiza wanafunzi mu jeshi. Mwezi wa Agosti vyuo vikuu vitatu vikafanywa kimoja, UNAZA, na vitivo vikagawanywa. Barua na sayansi za jamii zikaja Lubumbashi. Udaktari na sheria zikabaki Kinshasa. Saikolojia na pedagojia zikaenda Kisangani. Kijana wa Kinshasa aliyetaka kusoma historia alipaswa kuja huku, na mtoto wa Katuba aliyetaka kuwa daktari alipaswa kwenda kule. Hakuna bisi ya asubuhi inayotoka Lubumbashi na kufika Kinshasa saa ya masomo. Njo maana kitanda kilizidi kuwa cha lazima. Mpango wote wa chuo, toka ratiba mpaka matangazo, ulijengwa juu ya mtu anayelala palepale.

Kisha nguzo zikaanguka moja moja. Bei ya shaba ilishuka katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa, na kila mji ukarudishiwa chuo chake. Mu miaka ya 1980 bourse na chakula cha chuo vikapungua mpaka vikabaki hadithi ya wakubwa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye visu waliingia mu vyumba vya wanafunzi hapa Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Lakini kwa wazazi wengi, tangu usiku ule, kulala ku kampasi hakukumaanisha tena kulala salama.

Miezi ine baadaye, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto ukabomoka kule Kolwezi. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufika hata tani 50,000 mwaka 1994. Wote tunajua maana yake mu nyumba zetu. Baba asiyepata mshahara hawezi kumpangia mtoto chumba karibu na kampasi. Mtoto anabaki mu lupango ya wazazi, na asubuhi anatafuta bisi.

Wakati uleule vyuo viliongezeka. Tangu 1989 vyuo vya kibinafsi vilianza kufunguliwa mu inchi, vingi bila kitanda hata kimoja. Vitivo vilivyohamishwa vilirudi kidogo kidogo. Mwanafunzi hakuhitaji tena kuvuka inchi nzima ili asome. Ku ramani, chuo kilikaribia nyumba yake. Lakini kwa mtu asiye na feza ya bisi, njia ikawa ndefu kuliko zamani.

Sasa, nani alimsaidia huyu mwanafunzi wa nje? Mimi niko mtoto wa Katuba, nilisoma nikitokea nyumbani miaka yote, kwa hiyo jibu nalijua: wenzake wa avenyu. Tulikuwa sita. Mmoja alinunua silabusi, watano tukanakili. Aliyepata feza ya bisi alienda kusikiliza, jioni akatufundisha wote. Mama mmoja jirani alituachia baraza lake na meza, juu kwake taa ilikuwa inawaka mara mingi kuliko kwetu. Mkubwa mmoja aliyekuwa mu licence alikuja kila Jumapili kutueleza takwimu, na hakutuomba hata soda. Wengi kati yenu mlikuwa na baraza kama lile, Kamalondo ao Ruashi. Ile njo shule ya pili iliyotufikisha ku diploma, na haijaandikwa ku karatasi yoyote.

Lakini baraza haliwezi kufanya yote. Mu vyuo vyetu vingi ratiba bado inamfikiria mtu wa home. Somo la asubuhi linaisha saa ine, lingine linaanza saa nane. Wa home anarudi kulala kidogo. Wa nje anakaa chini ya muti, bila meza wala chakula, ao anarudi Katuba na kukosa somo la pili. Prof akiahirisha somo, wa home anasikia kwa dakika tano. Wa nje anasikia akiwa amefika, feza ya bisi imekwisha. Simu zimesaidia, lakini megabaiti nazo zinanunuliwa. Mwisho wa mwaka tunasema huyu mtoto ni mvivu, hana prezansi. Kumbe alikuwa anachagua kila siku kati ya bisi na mkate.

Sisemi home ziachwe zianguke. Anayetoka Kasenga ao Sandoa bado anahitaji kitanda. Nasema mchango wetu ni mdogo: godoro moja linasaidia mtu mmoja, meza moja yenye taa inasaidia watu kumi kwa siku. Tuombe chumba kimoja ku kampasi, tuweke meza, taa na maji, kiwe wazi toka saa ine mpaka jioni. Kila komini iwe na mhitimu mmoja wetu anayejulikana, wa kuunganisha makundi ya avenyu na kutafuta wakubwa wa kufundisha Jumapili. Tuwaombe viongozi wa madarasa watangaze kila badiliko jioni ya siku iliyotangulia.

Na mbele ya yote, tuwahesabu. Tuwaulize wa mwaka wa kwanza: unalala wapi, unapanda bisi ngapi, siku ngapi kwa juma unatembea kwa mguu? Vitanda vya home vilihesabiwa tangu zamani. Hawa wa nje tukiwahesabu sisi, tutaweza pia kwenda kuongea na chuo, hata na washofele, tukiwa na namba mu mkono.

Kura ni Jumamosi. Yangu naitoa kwa meza na taa.