Alamin Mazrui na Dhana ya Haki: Kutoka Jukwaani hadi Kizuizini

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, jina la Alamin Mazrui aghalabu hufungamanishwa na tukio moja: kutiwa kwake kizuizini mwaka 1982. Mtazamo huo una msingi, lakini una hatari ya kuzigeuza kazi zake kuwa ushahidi wa mateso tu, ilhali dhana yake ya haki ilikuwa imekwisha kukomaa kabla ya kukamatwa kwake.

Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na mwanaisimu kwa taaluma, alichapisha tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981. Mandhari yake ni shamba la mlowezi Delamon, na mhusika mkuu ni Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi katika kudai haki zao. Ni rahisi kuisoma tamthilia hii kama mgongano wa tabaka mbili na kuishia hapo. Hata hivyo, Lanina anapigana katika nyanja zaidi ya moja. Mwajiri anamnyonya, baadhi ya wafanyakazi wenzake wanautilia shaka uongozi wake kwa sababu ya jinsia yake, naye Mwengo, mumewe, anaona kwamba harakati hizo zinamwondoa katika wajibu wa nyumbani. Funzo linalojitokeza ni kuwa anayedhulumiwa naye anaweza kudhulumu, na kwamba haki inayodaiwa kwa mkoloni pekee ni nusu ya haki.

Fikra kama hizo zilitolewa wakati mgumu. Mnamo Machi 1982 ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji walikuwa wakiigiza kwa Kikuyu, ulibomolewa. Mwezi Juni katiba ilirekebishwa na KANU ikawa chama cha pekee kisheria. Mwaka huohuo Mazrui, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, alizuiliwa pamoja na wahadhiri wengine kadhaa. Abdilatif Abdalla, aliyemtangulia gerezani kati ya 1969 na 1972, alishtakiwa na kuhukumiwa kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mazrui hakupewa hata fursa ya kujitetea mbele ya hakimu.

Kizuizi humnyang'anya mtunzi wa tamthilia nyenzo zake zote: waigizaji, jukwaa na hadhira. Diwani ya Chembe cha Moyo, iliyotokana na kipindi hicho na kuchapishwa mwaka 1988, ni ishara ya badiliko hilo la utanzu. Sauti iliyogawanywa miongoni mwa wahusika sasa inabebwa na nafsi moja. Lakini linalodaiwa halijabadilika.

Uthibitisho wa mwendelezo huu unapatikana nje ya fasihi. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, ambapo watu wenye asili ya bara waliuawa na wengine wengi kufukuzwa makwao, Mazrui aliandika kwa niaba ya shirika la kutetea haki za binadamu la KHRC ripoti kuhusu fujo, ukabila na dola katika Pwani ya Kenya. Mpwani huyo alikuwa akichunguza dhuluma iliyotendeka kwao, dhidi ya wasiokuwa wa kwao. Swali lililomkabili lilikuwa lilelile la Lanina: je, mnyonge anapodai haki yake, ana radhi ya kumnyima mnyonge mwenzake? Mhakiki anayeanza na gereza hulikosa swali hilo.