Utando Mwembamba na Gesi ya Mwamba Mkongwe

Majabali yanayochomoza Miyuji na kwingineko Dodoma ni sehemu ya kile wanajiolojia wanachokiita Kratoni ya Tanzania, mwamba wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ndani ya mwamba wa namna hiyo urani na thori huoza polepole na kuzaa heliamu. Joto la Bonde la Ufa huifungua gesi hiyo, ikapanda hadi kububujika kwenye chemchemi za maji moto. Mwanajiolojia T. C. James aliandika kuhusu chemchemi hizo mwaka 1967, lakini dunia iligutuka 2016, watafiti wa Oxford na Durham walipoitangaza heliamu ya bonde la Rukwa.

Kasoro ni kwamba mapovu hayo kwa sehemu kubwa ni naitrojeni; heliamu lazima itengwe, na utando mwembamba ni njia mojawapo.

Ufundi wa kuzitenga gesi ulianzia kwenye maputo. Mwaka 1831 John Kearsley Mitchell wa Philadelphia, tabibu kwa kazi yake, aliona maputo ya mpira yaliyojazwa gesi tofauti yakinywea kwa kasi tofauti. Thomas Graham, msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha London, alieleza sababu mwaka 1866: gesi huyeyuka ndani ya mpira, hupenya, kisha hutokea upande wa pili. Hewa aliyoipitisha hivyo iliongezeka oksijeni kiasi cha kukiwasha tena kijiti kilichobaki na kaa tu.

Karibu karne nzima ikapita bila kiwanda. Utando mnene hupitisha gesi kiduchu; mwembamba hutoboka. Karibu na 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa California, waliokuwa wakitafuta namna ya kuondoa chumvi majini, walitandaza polima iliyoyeyushwa wakaitumbukiza kwenye maji. Juu paliganda ngozi nyembamba mno, chini pakabaki kama sifongo. Kwa gesi hata kitundu kimoja kilitosha kuharibu kazi, mpaka Jay Henis na Mary Tripodi wa kampuni ya Monsanto walipozipaka silikoni nyuzi za polisalfoni (aina ya polima) zenye uwazi ndani, ikaviziba vitundu. Dawa rahisi ajabu! Nyuzi hizo ziliingia sokoni karibu na 1980.

Kisima cha Itumbula, Rukwa, kilitoa heliamu mwaka 2024. Vyuo vya nchi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, vifundishe utengenezaji wa utando sambamba na jiolojia, kabla mitambo yote haijaagizwa kutoka nje.