Valvu ya Babu Ikawaka Nyekundu

Wasee, nilipoacha chuo watu walisema kazi yangu itakuwa kupara samaki tu hapa Ngomeni. Mimi nikaunda amplifaya ya gita kwa valvu za redio ya marehemu babu. Usiku wa kwanza, sahani ndani ya valvu moja ikawaka nyekundu kama makaa. Nikachomoa plagi mbio!

Kosa lenyewe lina historia. 1904, Fleming kule Uingereza aliunda valvu ya sehemu mbili. 1906, Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi katikati. Gridi ni kama koki ya mfereji: ikiwa hasi kuliko kathodi, inaubana mkondo. Hiyo ndiyo bayasi. Ikipotea, umeme unamwagika na valvu inaungua.

Yangu nilipoipima, gridi ilikuwa chanya. Chanya! Kapasita ya karatasi, kuukuu kuliko mama yangu, ilikuwa inavujisha volti. Nikaweka mpya, gridi ikatulia. (Kapasita kubwa hushika umeme hata plagi ikitoka. Ishanirusha, msicheze.)

Sasa kinachoniuma. 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa hapa baharini kwetu, ikaenda kuchora anga kwa eksirei. Jukwaa tunaliona tangu utotoni. Lakini shuleni mimi sikuwahi kushikishwa hata mita ya umeme.

Mwenye redio ya valvu kwao asitupe. Jumamosi niko barazani na gita, niletee tuifungue.