Kijana na Kazi ya Taifa: Habari za Jeshi la Kujenga Taifa

  Maneno haya mliyasikia redioni. Sasa yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma wenyewe, pole pole, na kuyazungumza pamoja darasani. Msomaji akikwama mahali, mwenzake amsaidie.

Leo tutafikiri juu ya jambo linaloingia katika nyumba nyingi za Tanzania. Kijana amemaliza kidato cha sita. Majina yametangazwa, na jina lake limo. Anatakiwa aende kambini, katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo sote twaliita JKT. Hakuomba kwenda, sheria ndiyo inayomwita. Mama yake anamfungashia nguo, na moyoni ana maswali. Je, mwanangu atapata faida gani huko? Nchi nayo itapata nini kwake? Na je, ni haki kumlazimisha?

Wako watakaojibu upesi, "Ni vizuri, maana vijana wa siku hizi wamelegea." Wengine watasema, "Ni kupoteza wakati wao bure." Sisi tusijibu upesi. Nchi yetu imekwisha kulijaribu jambo hili kwa miaka mingi. Basi tutazame kwanza yaliyotokea, ndipo tuamue.

MWANZO WAKE

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Serikali mpya ilitaja maadui watatu wa kupigana nao: umaskini, ujinga na maradhi. Siku hizo vijana wengi walikuwa wamemaliza masomo ya miaka michache tu. Nafasi za kuendelea na shule zilikuwa chache, na kazi za mshahara zilikuwa chache pia. Wengi walikimbilia mijini, wakakaa huko bila kazi.

Ndipo Umoja wa Vijana wa TANU ukatoa fikira ya kuwakusanya vijana, kuwafundisha, na kuwatumia katika kazi za nchi. JKT ilianzishwa rasmi tarehe 10 Julai 1963. Wataalamu kutoka Israel walisaidia katika siku za mwanzo.

Litazameni hilo jina lenyewe. Ni jeshi, lakini ni jeshi la kujenga. Kijana alifundishwa kupiga kwata na kushika silaha. Alifundishwa pia kulima, kufyeka pori na kujenga. Tena neno moja msilisahau: vijana wa kwanza walijiunga kwa hiari yao.

Miezi michache baadaye faida moja ilionekana. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa jeshi tulilorithi kwa wakoloni waliasi mjini Dar es Salaam. Jeshi hilo likavunjwa. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, likaundwa tarehe 1 Septemba 1964, na wengi wa askari wake wapya walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Nchi ilikuwa imepata mahali pa kuwapata vijana waliokwisha kufundishwa.

SHERIA YA MWAKA 1966

Sasa twafika penye shida. Vijana waliojiunga kwa hiari walikuwa hasa wale wa elimu ndogo. Waliosoma sana hawakwenda. Wao walikuwa na kazi nzuri zikiwangoja. Serikali ikaona kwamba hiyo si sawa. Mwaka 1966 ikaleta sheria ya kuwalazimisha waliomaliza kidato cha sita na vyuo vya juu kulitumikia taifa kwa miaka 2, wanaume na wanawake pia. Wangekaa kambini miezi kadhaa. Kisha kwa miezi 18 wangefanya kazi zao za kawaida, lakini wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Tufanye hesabu kidogo. Katika kila shilingi 100 za mshahara, kijana angepata shilingi 40. Shilingi 60 zingebaki serikalini.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana, wamevaa majoho yao. Baadhi ya mabango yao yalisema ati wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Walifika Ikulu, wakamsomea Rais Nyerere maneno yao. Walisema kwamba masharti yasipobadilishwa, na viongozi wasipobadili mwenendo wao, basi miili yao itakwenda kambini lakini mioyo yao itabaki nje.

Rais alighadhibika. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni, wakarudishwa makwao.

Hebu tuamue shauri hili kama wazee barazani, tusikilize upande huu na upande huu.

Upande wa serikali ulikuwa na hoja kubwa. Nani alilipa gharama za masomo ya vijana wale? Alilipa mkulima wa pamba, wa kahawa na wa mkonge. Siku hizo, katika kila watu wazima watatu wa Tanzania, wapatao wawili hawakujua kusoma wala kuandika. Mtu ambaye hakupata kushika kalamu ndiye aliyemsomesha mwenye joho. Je, ilikuwa dhambi kumwomba mwenye joho arudishe kidogo? Ninyi mnaosoma ukubwani mwaweza kujibu swali hili kuliko mimi.

Lakini wanafunzi nao walisema neno moja la kweli. Waliuliza kwa nini wao wabebe mzigo huo, na viongozi waendelee kupokea mishahara minono. Wazee wetu husema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Mzigo alioubeba mwenzako huuoni kuwa mzito.

Na tazameni jambo hili. Rais aliyewafukuza hakulidharau neno lao. Siku ile ile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na kitu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, lililowawekea viongozi masharti makali juu ya mali na mapato yao. Wengi wa wanafunzi waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi masomoni. Sheria haikufutwa, lakini viongozi nao waliwekewa mzigo wao.

MIAKA ILIYOFUATA

Tangu hapo, kwa miaka mingi, vijana waliosoma walipita JKT. Walikwenda Ruvu, Mafinga, Makutupora, Oljoro na kambi nyingine. Waulizeni walio na umri wa miaka 60 au 70 leo. Wengi watawaambia kwamba huko ndiko walikolala chumba kimoja kwa mara ya kwanza na mtu wa kabila jingine na dini nyingine. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima walipanga foleni moja ya chakula. Vita ya Kagera ilipozuka mwaka 1978, vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa walioongezwa jeshini kuilinda nchi.

Lakini waulizeni pia mabaya. Wako watakaokumbuka njaa, adhabu kali, na kazi iliyofanywa ili siku ipite tu. Wako waliotaka kuendelea upesi na masomo wakaona wamecheleweshwa. Hayo nayo ni historia, wala tusiyafiche.

Mwaka 1994 utaratibu wa lazima ulisimamishwa, kwa kuwa serikali haikuwa na fedha za kutosha kuuendesha. Hapo twajifunza kwamba kazi ya kijana si ya bure. Lazima alishwe, avikwe, atibiwe na afundishwe, na fedha hizo hutoka kwa mwananchi.

Mwaka 2013 utaratibu huo ulirudishwa kwa waliomaliza kidato cha sita, lakini kwa muda mfupi, miezi 3. Hao huitwa vijana wa mujibu wa sheria. Pamoja nao wako vijana wa kujitolea, ambao hukaa muda mrefu zaidi, hufanya kazi nyingi, na hutumaini kuajiriwa baadaye.

Na hao wa kujitolea wametuachia fundisho jingine. Mwaka 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu kudai ajira jeshini, ambayo walisema waliahidiwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Fikirini juu ya hayo. Wa mwaka 1966 walikwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kuingia. Wa mwaka 2021 walitaka kwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kutolewa mikono mitupu. Vilio ni viwili, lakini swali ni moja: sisi tukilitumikia taifa, taifa nalo litatutendea nini?

TUAMUEJE?

Sasa nitawaambia ninavyoona mimi, nanyi mwaweza kunipinga.

Naona utumishi wa lazima waweza kuwafaa vijana na nchi. Wajukuu wa watu wa makabila zaidi ya 120 wanahitaji mahali pa kukutana na kutoka jasho pamoja. Aliyesomeshwa na wengi ana deni kwa wengi. Hiyo ni haki.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Sheria yaweza kuuleta mwili wa kijana kambini. Haiwezi kuuleta moyo wake. Wazee walisema: Hiari yashinda utumwa. Basi wakubwa wakitaka moyo wa kijana wafanye mambo matatu. Kwanza, mzigo uwe wa wote, asiachwe mtoto wa mtu mkubwa. Pili, kazi iwe ya maana, na kijana atoke na ujuzi mkononi mwake. Tatu, ahadi itimizwe, na kama haiwezi kutimizwa isitolewe. Mambo hayo yakikosekana, tutakuwa na vijana waliosimama mstari mmoja, wenye mioyo iliyokwenda njia nyingi.

Nawe mzazi, usimpeleke mwanao kwa kumtisha tu kwamba "huko watakunyoosha." Mweleze ni nani aliyemlipia masomo. Akirudi, usimwulize habari za kwata peke yake. Mwulize: "Umejifunza nini cha kutufaa sisi na wewe?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. JKT ilianzishwa mwaka gani, na kwa sababu gani?

2. Mtu ana mshahara wa shilingi 500. Akipokea asilimia 40, atapata shilingi ngapi?

3. Wanafunzi wa mwaka 1966 walikosea wapi? Walisema kweli wapi?

4. Kama ungekuwa wewe mtunga sheria, ungewalazimisha vijana wote, baadhi yao, au usingemlazimisha yeyote? Toa sababu.

5. Mtafute mtu mmoja katika kijiji au mtaa wenu aliyepita JKT. Mwulize jambo moja jema na jambo moja baya aliloliona. Yaandike katika daftari lako, mistari mitano, ukawasomee wenzako.